Nepi za kitambaa zinanuka mkojo mkali: uchemshe, utie Jik, siki au magadi?

Nepi umeianua kambani kavu, ukiinusa ina harufu ya jua tu. Umemvika mtoto, kakojoa mara moja, na hujamaliza kumnyonyesha harufu ishakupanda puani, kali ya kuwasha macho. Kifungua mimba wangu alinitesa hivi miezi miwili. Tulikuwa tumepanga Kisauni, hapa Mombasa, nyumba yenye kisima uani, nami nikaona bahati hiyo ya maji ya bure. Nilidhani mtoto ana maradhi. Nikampeleka kliniki, mkojo ukapimwa, hauna kitu. Mamangu alipokuja kunitazama hata hakumnusa mtoto. Alisugua nepi kavu kwa vidole, akasikia ugumu wake, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hizi wafulia maji gani?"

Tangu hapo nimelea watoto watatu kwa nepi za kitambaa, na kila njia ninayoilinganisha hapa nimeitumia kwa mikono yangu. Wanawake wengi huanza kwa kuulizana dawa, Jik au siki. Mimi nitaanza kwengine, kwa sababu dawa iliyotiwa kwenye maji mabaya hufanya kazi ya wiki moja tu, kisha harufu inarudi.

Inanuka wakati gani?

Mkojo mbichi wa mtoto mzima wa afya haunuki amonia. Ndani yake mna yurea. Bakteria waliomo kwenye kinyesi, kwenye ngozi na ndani ya nyuzi za kitambaa wana kimeng'enya kiitwacho yurezi, nacho huivunja yurea ikawa amonia. Kazi hiyo inataka muda na joto, na joto Mombasa halijawahi kutupungukia. Kwa hivyo angalia saa.

Nepi ya usiku, iliyokaa mwilini saa kumi, ikinuka alfajiri ni kawaida. Haihitaji dawa yoyote, inahitaji kusuuzwa papo hapo kabla hujaitia kwenye ndoo. Ndoo ya nepi chafu ikinuka siku ya pili pia ni kawaida. Huko kwenye baridi watu huweza kukaa siku tatu bila kufua, hapa siku moja, ukizidi sana mbili. Na usiifunike kwa kifuniko cha kubana. Kikapu au ndoo yenye matundu inayopitisha hewa hunuka kidogo kuliko ndoo iliyofungwa. Kuloweka nepi kwenye ndoo ya maji mchana kutwa sikupendi kabisa, kwanza maji yale hugeuka supu ya bakteria, pili mtoto anayetambaa anaweza kuzama hata kwenye maji ya kina kifupi.

Lakini nepi safi inayonuka ndani ya saa moja tangu mtoto akojoe, hiyo ndiyo yenye tatizo. Kitambaa kimeshika masalio ya mkojo na bakteria wake, na kila mkojo mpya unawaamsha. Yaliyobaki katika makala haya ni kwa ajili ya nepi hiyo.

Kuna hali ya nne. Mvike mtoto nepi mpya au ya kutupa. Ikinuka vikali hiyo pia mara tu anapokojoa, mkojo una rangi iliyokoza, nepi zinazolowa zimepungua, au ana homa, basi mpeleke kituo cha afya. Huenda anakosa maziwa ya kutosha, au ana maambukizi ya njia ya mkojo. Na aliye chini ya miezi sita usimpe maji ya kunywa kwa kudhani utapunguza ukali wa mkojo, mnyonyeshe zaidi.

Sisemi haya kwa ajili ya pua tu. Amonia hupandisha ualkali kwenye ngozi, na ngozi ikiwa hivyo vimeng'enya vya kinyesi hupata nguvu ya kuila. Watafiti walilionyesha hilo mwaka 1986. Mtoto anayeachwa na nepi yenye mkojo mkali asubuhi anaweza kuwa mwekundu matakoni jioni.

Maji ya kisima na maji ya mfereji

Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya pwani yetu imekalia mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya kisima hupita humo yakachukua chokaa, na karibu na bahari yakachukua na chumvi. Maji ya mfereji hutoka mbali zaidi: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Marere kwenye vilima vya Shimba, Baricho kando ya mto Sabaki, na visima vya Tiwi. Hayo kwa kawaida hukubali sabuni. Tabu yake ni kwamba mitaa mingi huyapata kwa mgao, na siku yasipokuja unamngoja mwenye mkokoteni na mitungi yake ya lita 20.

Huhitaji maabara kujua ulicho nacho. Tia maji kwenye chupa mpaka nusu, kwangulia sabuni ya mche kidogo, utikise. Povu likisimama, maji ni mema. Maji yakigeuka meupe kama ya mchele na vipande vya utando vikaelea bila povu, hayo ni maji magumu. Birika lako pia litakwambia: ukoko mweupe chini yake ni chokaa ileile.

Utando ule ndio adui. Chokaa hukamata sabuni ikawa kitu kinachofanana na nta, nta ikaganda kwenye nyuzi za nepi, na mkojo ukaganda nyuma ya nta. Unasuuza mara tano, maji yanatoka meupe, unadhani ni sabuni haijaisha. Kumbe kila ndoo ya kisima unayoongeza inazidisha utando. Nepi inakuwa ngumu, hainyonyi vizuri, na inanuka. Haya ndiyo yaliyonipata Kisauni, na ndiyo ninayoyaona kwa kina mama wengi wanaosema nepi za kitambaa zimewashinda.

Basi ukiwa na maji ya kisima na uwezo wa kununua mtungi mmoja tu wa maji matamu, yaani ya mfereji, kwa siku, uutumie wapi? Nimejaribu kila mpango, na huu ndio niliobaki nao. Kusuuza mkojo na kinyesi kwa kuanzia, tumia maji ya kisima bila wasiwasi, maadamu hakuna sabuni. Kufua na sabuni, tumia lita 10 za maji matamu. Kama umefulia sabuni ya unga, povu kubwa litoe kwa maji ya kisima. Halafu zile lita 10 zilizobaki ziwe suuzo la mwisho, kwa sababu chumvi inayobaki kwenye kitambaa huvuta unyevu, na nepi isiyokauka sawasawa ni nyumba ya bakteria.

Maji ya mvua ni bora kuliko yote, laini kabisa, hayana chokaa. Masika yakianza mimi huweka mapipa chini ya mabati. Wenye paa la makuti wasijisumbue, maji yake hutoka na rangi ya chai na hupaka nepi.

Sabuni ya mche na sabuni ya unga

Hapa sitakaa sana. Kwa maji matamu, sabuni ya mche inafua nepi vizuri na ni rahisi kuisuuza. Kwa maji ya kisima, iache. Utando niliousema unatokana na sabuni ya aina hiyo, iliyopikwa kwa mafuta. Sabuni za unga za kufulia zimetengenezwa zivumilie maji magumu zaidi.

Kosa la pili ni kutia sabuni kidogo kwa kumhurumia mtoto. Kijiko kimoja kwenye beseni la nepi kumi na mbili hakiondoi kitu, na masalio hujilimbikiza siku hadi siku mpaka harufu itoke. Tia kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti cha nguo chafu sana, kisha suuza mpaka maji yatoke safi kabisa, hayana povu wala weupe. Dawa za kulainisha nguo zenye manukato usitie kabisa. Huacha utando unaozuia kitambaa kunyonya, na manukato juu ya amonia hayamsaidii mtoto.

Dawa nne kando kwa kando

Ukishatengeneza maji na sabuni, nepi zilizokwisha kushika harufu bado zinahitaji kusafishwa kwa nguvu mara moja. Nimeziweka njia pamoja kwanza, halafu nieleze zile zinazohitaji maelezo.

| Njia | Huondoa nini | Haiondoi nini | Usitumie kwa |
|---|---|---|---|
| Kuchemsha | Bakteria, mafuta | Utando wa sabuni, kama unachemsha kwa maji ya kisima | Nepi zenye plastiki au lastiki |
| Jik | Bakteria | Chokaa, utando, mafuta | Sufu na hariri. Nguo za rangi hupauka |
| Siki | Chokaa, huvunja utando, hunyamazisha harufu | Bakteria wengi | Kitu chochote chenye Jik. Lastiki, ukiitumia kila siku |
| Magadi | Hulainisha maji, huachisha mafuta | Chumvi ya maji. Bakteria wengi | Sufu. Suuzo la mwisho |

*Kuchemsha.* Hii ndiyo njia ya mamangu na ya nyanya yangu: sufuria kubwa ya bati iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, jiko la makaa, nepi za pamba zikichemka dakika kumi huku zikigeuzwa kwa mwiko mkuukuu. Kwa winda za mraba na nepi za taulo, yaani pamba tupu, sijaona njia ya kuishinda. Inaua, inayeyusha mafuta, na haiachi dawa yoyote kwenye ngozi ya mtoto. Lakini zifuliwe kwanza zitoke mkojo, la sivyo nyumba nzima itanuka mkojo uliopikwa. Na kama maji ni ya kisima, chemsha maji peke yake kwanza, yaache yatulie, chokaa itue chini, umimine yale ya juu ndipo utie nepi. Ukichemsha vyote pamoja chokaa ile itatulia kwenye kitambaa chako.

Kasoro yake ni makaa au gesi, vyote vina bei, na ukweli kwamba nepi nyingi zinazouzwa siku hizi si pamba tupu. Zile za mfuko, zenye vifungo vya plastiki na ganda la nje lisilopitisha maji, ukizichemsha ganda linabanduka na lastiki inalegea. Wifi yangu aliharibu sita kwa siku moja.

*Jik.* Naliita Jik kama tunavyoita sote, hata chupa ikiwa na jina lingine: ni klorini. Inapofaa hasa ni kwa nepi ulizopewa zilizotumiwa na mtoto mwingine, kwa mtoto aliyetoka kuharisha au kupata fangasi, na kwa nepi za mfuko ambazo huwezi kuzichemsha. Chupa nyingi za hapa zina klorini ya asilimia 3.5 hivi, soma yako. Kwa nguvu hiyo, vijiko vikubwa kumi, yaani mililita 150 hivi, kwenye lita 10 za maji yasiyo moto, loweka nusu saa. Maji ya moto huipunguza nguvu klorini. Baada ya hapo suuza mara mbili, fua tena kwa sabuni, usuuze mpaka usisikie harufu ya Jik.

Tafadhali sana, mambo mawili. Usiitie Jik kwenye nepi ambayo bado ina mkojo. Klorini ikikutana na amonia hutoa gesi ya kloramini, inayochoma mapafu. Na usiichanganye na siki wala ndimu, kwani hapo hutoka gesi ya klorini yenyewe. Ninawajua wanawake wanaotia vyote kwenye beseni moja ndani ya bafu lisilo na dirisha, wakakohoa na kutoka machozi, wakadhani ndiyo dawa inafanya kazi. Fulia uani, penye upepo, na mtoto awe mbali.

Mimi Jik huitumia mara moja kwa miezi kadhaa. Ukiona unaihitaji kila wiki, rudi kwenye maji na sabuni, tatizo liko huko.

*Siki.* Sifa za siki zimezidi kazi yake. Ukisuuza nepi kwa siki harufu inakufa palepale, kwa sababu tindikali huigeuza amonia kuwa chumvi isiyoruka hewani. Lakini bakteria wako palepale, na mkojo unaofuata unakuonyesha. Mtu akikwambia siki imemaliza tatizo lake, muulize baada ya siku tatu.

Hata hivyo kwa sisi wa maji ya kisima ina kazi moja muhimu, kuyeyusha chokaa na kuvunja ule utando. Siri ni mpangilio. Wengi huitia kwenye suuzo la mwisho. Utando ukivunjwa na siki huacha mafuta kwenye kitambaa, na mafuta hayo yanahitaji sabuni kuyatoa. Kwa hivyo siki kwanza: nusu kikombe kwenye lita 10 za maji ya uvuguvugu, loweka nusu saa, suuza vizuri, ndipo ufue kwa sabuni ya unga kwa maji matamu. Nepi zangu za Kisauni ziliokolewa na mpangilio huu, ukifuatiwa na kuchemsha. Ndimu iliyochujwa nayo hufanya kazi hiyo, ila kwa bei ya ndimu nje ya msimu siki ni nafuu. Ukwaju usithubutu, utapaka.

*Magadi.* Haya tunayoyajua jikoni, yanayotoka Ziwa Magadi, yanayolainisha maharagwe. Hulainisha maji vilevile, kwa kuifanya chokaa itue chini kabla haijakutana na sabuni. Kijiko kikubwa kimoja hadi viwili kwenye ndoo ya lita 20, koroga, acha nusu saa, chuja au mimina ya juu ufulie. Ni njia ya bei ndogo kuliko kununua mitungi. Lakini magadi hayaondoi chumvi, kwa hivyo kama kisima chako ukionja ni chumvi ya wazi yatakusaidia nusu tu. Na kwa kuwa ni alkali, yasibaki kwenye nepi. Bekingi soda ya dukani ni ndugu yake mpole, na kwa kazi hii nimeiona ni pesa bure.

Aina ya nepi

Kama bado hujanunua, sikiliza hili kabla ya kutazama maua na rangi. Winda ya pamba ya tabaka moja, unayoikunja mwenyewe, maji na sabuni hupita kila upande wake na jua hulifikia kila uzi. Pedi nene iliyoshonwa tabaka sita, hasa ya nyuzi laini za plastiki zinazoitwa mikrofaiba, huficha mkojo katikati mahali ambapo mkono hauufikii. Wenye mashine ya kufulia na maji ya mfereji kila siku wataiweza. Anayefua kwa mkono kwenye beseni, nashauri achukue pamba ya kukunja na avike ganda la nje juu yake. Kina mama wa kazini watasema kukunja kunachosha, na yaya au nyanya hapendi. Ni kweli. Basi nunua za mfuko ambazo pedi yake hutoka nje na kufunguka, si iliyoshonewa ndani.

Jambo jingine ni mafuta ya nazi. Tunawapaka watoto wetu tangu siku ya kwanza, na sisemi tuache. Lakini mafuta yale, na zaidi mafuta mazito ya kopo na krimu nyeupe za vipele, hujenga utando wao kwenye nepi. Kata leso (kanga) kuukuu vipande vya kiasi cha kitambaa cha mkono, weka kimoja kati ya matako na nepi. Leso iliyochakaa ni laini, unaifua kivyake kwa maji ya moto, na nepi yenyewe inabaki safi.

Kuanika

Jua la hapa ni dawa ambayo hatuilipii. Kipindi cha kaskazi nepi ya tabaka moja hukauka ndani ya saa chache, na mwanga ule hupunguza bakteria na madoa. Maganda ya nje yaanikwe kivulini, jua kali hukausha lastiki na plastiki. Tabu ni masika na siku za mawingu ya kusi, nguo hushinda kambani na jioni bado ina ubichi. Siku hizo usikunje nepi yenye unyevu ukaitia kabatini. Ining'inize ndani mbele ya feni, au uipige pasi, pamba tupu haina neno na pasi ya moto. Ndiyo maana wakati wa masika mimi huhesabu nepi ishirini na nne badala ya kumi na mbili.

Kabla hujamvika tena

Usimfanye mtoto kuwa kipimo. Chukua nepi moja iliyokauka baada ya kuisafisha, imiminie kikombe cha maji ya moto, ikunje, iache dakika kumi kwenye bakuli lililofunikwa, halafu funua uinuse. Joto litaitoa amonia iliyojificha. Ikinuka, rudia siki, sabuni, kisha kuchemsha au Jik kwa kadiri ya aina ya nepi, kila kimoja kwa wakati wake na suuzo katikati. Pedi zangu mbili za mikrofaiba zilinuka mara tatu mfululizo hata baada ya yote haya. Nikazitoa kwa mtoto, sasa zinafutia sakafu.